Upinde mpya wa nini kama upote umechoka?

Kutana na msee aliyeingia kwenye mchezo wa upinde na mshale juzi juzi, mpe dakika mbili tu. Atakutajia kampuni iliyounda upinde wake, rangi yake, na kasi ya mshale ukitoka. Sasa muulize upote wake una umri gani. Kimya.

Upote, kama neno hili lilikupita shuleni, ni ule uzi wa upinde, ule unaousukuma mshale. Sisi vijana tunapenda kununua, lakini kutunza kunatushinda. Doo zinaisha kwenye upinde, halafu uzi unaachwa mpaka uote manyoya kama kamba ya kuanikia nguo.

Twende pole pole. Upinde wa kompaundi, ule wenye magurudumu kwenye ncha zake, ulibuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen, aliyepata hataza yake mwaka 1969. Yale magurudumu hukupunguzia uzito ukishavuta hadi mwisho, ndiyo maana unaweza kutulia na kulenga bila mkono kutetemeka. Lakini hayajiendeshi. Yanazungushwa na upote pamoja na kebo zake, na zote hizo ni nyuzi tu zilizosokotwa.

Upote ukirefuka kidogo tu, magurudumu yanaacha kuzunguka kwa pamoja. Lile tundu dogo la kulengea linageukia upande. Mshale uliopiga katikati jana, leo unapiga pembeni. Unaanza kujilaumu, mara pumzi, mara mkono, kumbe ni uzi. Na katika mashindano ya kompaundi unasimama mita 50 kutoka kwa shabaha, huku duara la alama 10 likiwa na upana wa sentimita 8 pekee. Hapo hakuna cha kubahatisha.

Sasa, upote wa oda au ule uliokuja na upinde? Wa kiwandani si lazima uwe mbaya. Lakini fundi mzuri wa oda anatengeneza kwa vipimo vya upinde wako, halafu anaunyoosha chini ya mzigo mkubwa kabla ya kukukabidhi, ili umalize kurefuka kwake badala ya kurefukia mikononi mwako. Hiyo kazi ndiyo unayolipia. Rangi mbili zilizosokotwa vizuri ni urembo tu.

Kwa hivyo muulize fundi maswali. La kwanza, ni uzi gani? Mfano ni 452X ya kampuni ya BCY, ambayo thuluthi mbili ni Dyneema na thuluthi moja ni Vectran. Dyneema ni nyepesi na haikatiki ovyo, ila ikikaa chini ya mzigo hurefuka polepole. Vectran hairefuki hivyo, lakini msuguano huichosha. Zikichanganywa, kila moja inaziba udhaifu wa mwenzake. La pili, ameunyoosha vipi? Akibabaika, ondoka. La tatu, urefu ameutoa wapi? Usimpimie upote wa zamani ukiwa umelegea mezani. Vipimo kwa kawaida viko kwenye kibandiko kwenye mkono wa upinde, na upote wa kompaundi hupimwa ukiwa umevutwa kwa pauni 100. Na ukibadilisha upote, badilisha na kebo. Vilichoka pamoja.

Tahadhari moja. Video nyingi utakazotazama ni za wawindaji wa Marekani. Wao wanataka kasi na ukimya, wamvizie paa msituni. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo wewe unalenga shabaha, na unarusha mishale mingi kila wiki. Unachohitaji ni upote usiobadilika leo na kesho, hata kama kasi itapungua kidogo. Usinunue tatizo la mtu mwingine.

Utunzaji wenyewe hauhitaji mshahara. Paka nta ya upote ukiona nyuzi zimeanza kukauka au kutoa manyoya, kisha sugua kwa vidole mpaka ipate joto na kuingia ndani. Usiipake kwenye ule uzi uliozungushiwa katikati, mahali unapopachika mshale. Uzi huo ukilegea au kukatika, mwite fundi auzungushe upya, sio lazima ununue upote mzima. Usiache upinde kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani, joto linaharibu uzi. Na usifyatue bila mshale, hata kwa mzaha. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi kwenye upinde, na inaweza kuuvunja.

Ukiona hata uzi mmoja umekatika, wacha kurusha siku hiyo. Usijaribu kuufungua upinde kwa bisibisi na nguvu za kifua. Kubadilisha upote wa kompaundi kunahitaji presi yake maalum. Bila presi, unacheza na mtego uliotegwa.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Kwa nini upote tuuagize ng'ambo, tulipe usafiri na ushuru, halafu mchezaji akae wiki kadhaa bila kufanya mazoezi? Kutengeneza upote ni kazi ya fundi: fremu ya kunyooshea, rola za uzi, kipimo, na mkono mtulivu. Mimi nilitoka chuo bila cheti, kwa hivyo kazi inayouliza unajua nini kabla ya kuuliza ulisomea wapi naijua thamani yake. Tena si jambo geni kwetu. Wakamba na Waata walisokota upote kutokana na kano za wanyama, na upinde wao uliheshimiwa mbali.

Mwaka 2016 pale Rio, bendera ya Kenya ilibebwa na mrusha mishale, Shehzana Anwar. Yeye hutumia upinde usio na magurudumu. Mwaka 2028 pale Los Angeles, kompaundi itaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, timu ya mwanamume na mwanamke. Vilabu vyetu vikitaka vijana wafike huko, vinunue presi moja ya pamoja na kufundisha wawili watatu kutengeneza upote. Ni nafuu kuliko kila mtu kubadilisha upinde kila mwaka.

Na wewe uliye na upinde nyumbani, utoe leo. Pitisha vidole juu ya upote, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ukihisi manyoya, umepata jibu lako.