Bosi anataka malengo, mteja hana hela!

Mwezi huu nazungumza na wewe unayeuza: simu, bima, sola, mabati, chochote kile. Mshahara mdogo, kamisheni ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, na kila mwisho wa mwezi bosi anaulizia malengo. Wengi tunadhani muuzaji bora ni mwenye maneno mengi. Hapana jamani! Ni yule anayejua hela ya mteja wake inaingia lini.

Tuseme umepangiwa Ruvuma na eneo lako linafika Nalasi, kusini mwa Tunduru, kuelekea mpaka wa Msumbiji. Unaingia na mabati mwezi wa tano. Watu wanakukaribisha vizuri, wanasifia bidhaa, halafu hawanunui. Utasema watu wa huku wagumu. Wala! Hela kubwa kule ni ya korosho, na korosho huokotwa kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi. Hata zikiokotwa, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007 kule Mtwara, hela haiji papo hapo. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unaingia ghalani, unapigwa mnada, ndipo malipo yanafuata.

Hapa ndipo vijana wengi wanapojimaliza. Kwa kumwogopa bosi, anawashikisha watu mabati kwa mkopo ili ripoti ya mwezi isomeke vizuri. "Utalipa korosho zikitoka!" Na zisipolipwa kwa wakati je? Msimu wa 2018/19 serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi. Aliyekopesha naye alisubiri. Ubaya wa deni ni kwamba mteja akikuona kwa mbali anakata kona, na jirani yake naye anakukwepa.

Basi miezi mikavu itumie kujua nani anajenga, msingi umefika wapi, bati ngapi zinahitajika. Andika kwenye daftari, acha namba yako. Malipo yakiingia, atapigiwa simu nani kama siyo wewe? Na bosi mwambie mapema, ukiwa na takwimu za mwaka jana mkononi: mwezi wa tano tutauza hiki, mwezi wa kumi na mbili kile. Bosi anayeona hesabu haogopi sana mwezi mbaya.

Na nyumbani je? Kamisheni yako nayo ina msimu. Desemba unaingia na mifuko miwili miwili, kitimoto au kuku wa kuchoma kila wikiendi, mwenzio anaona ndiyo maisha yenyewe. Mwezi wa tano unaanza kukwepa simu zake. Yeye anahisi kuna nyumba ndogo, kumbe kamisheni imekauka! Ndoa ngapi zimetikisika kwa siri ya namna hii?

Mwonyeshe karatasi ya malipo, nzuri na mbaya. Chakula na kodi vipimwe kwa mshahara wa msingi. Kamisheni iende kwenye ada, akiba na kiwanja. Leo usiku chukueni kalenda, mzungushie duara miezi mikavu, mpange pamoja mtaivukaje.

Tukutane mwezi ujao.