SURA NI YA KAISARI, MKONO NI WA NANI?



Twakumbuka swali lililoulizwa zamani juu ya dinari: sura iliyo juu yake ni ya nani? Sisi twaongeza la pili: na mkono ulioichonga ni wa nani, nao umepata haki yake?

Tutazame sarafu ya dola moja iliyotolewa Marekani mwaka 2000 kwa heshima ya Sacagawea, mwanamke wa kabila la Shoshone. Upande mmoja waonyesha sura yake akiwa amembeba mwanawe mgongoni. Ni kazi ya Glenna Goodacre, mchongaji wa kujitegemea. Upande wa pili una tai, kazi ya Thomas D. Rogers, aliyekuwa mwajiriwa wa Idara ya Sarafu. Sheria ya nchi ile yasema kwamba kazi ya mtumishi wa serikali, aifanyayo katika wajibu wake, haina hakimiliki. Basi tai ni wa watu wote. Lakini sheria hiyo hiyo yairuhusu serikali kupokea hakimiliki kutoka kwa mtu mwingine. Goodacre alilipwa dola 5,000, na hakimiliki ya sura ile ikawa ya Idara.

Hapo ndipo tunapopinga. Serikali iliyokatazwa kujifungia kazi ya watumishi wake, yajifungia kazi ya asiye mtumishi wake! Msanii wa mkataba hana mshahara wa kudumu wala kiinua mgongo. Sasa na hakimiliki hana. Wananchi nao hawakuipata.

Tutaambiwa kwamba alitia sahihi kwa hiari. Hatusemi kwamba mchongaji huyo, mwenye jina kubwa, alidhulumiwa. Twasema kanuni hiyo humwumiza aliye mdogo. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba mapatano ya hiari peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Mwenye njaa hutia sahihi lolote.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994. Mkataba huo humhifadhia mtunzi haki ya kutambuliwa hata akiisha kuuza kazi yake. Kwa hiyo twadai: sarafu za kumbukumbu zitolewapo kwetu, msanii atajwe jina, mkataba uandikwe kwa lugha aielewayo, na hakimiliki ibaki kwake, au iwe ya wananchi wote.

Kaisari apewe kilicho chake. Kazi ya mikono ya mwingine si yake.