Nguzo kuukuu ya uzio isitolewe kwa moto

Nguzo ya mbao iliyosimikwa kwenye kiatu cha chuma kwa kawaida huanza kuoza chini, pale maji ya mvua yanapotuama ndani ya kiatu yakakosa pa kutokea. Mbao iliyolowa huvimba na kubana, bolti hushika kutu, na uzio ukilala upande nguzo hukatika na kuacha kisiki kimenasa ndani ya chuma. Hapo wapo wanaokimbilia njia ya mkato: mafuta ya taa kidogo, kiberiti, kisha kusubiri kisiki kiwe majivu. Ni njia ya kuachwa, maana huharibu kile kile kinachotakiwa kuokolewa, na huwadhuru watu.

Tuanze na chuma. Kiatu hicho hupakwa zinki ili kisishike kutu, na zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi, joto ambalo moto wa kuni hulipita bila shida. Ngozi hiyo ikiharibika, chuma kilichobaki huliwa na kutu, na kama kimejengewa kwenye zege, joto linaweza kulipasua. La pili ni kubwa zaidi. Nguzo nyingi za uzio hutiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuvu, na dawa iliyoenea kwa muda mrefu ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Nchini Marekani viwanda viliacha kuitumia kwenye mbao nyingi za majumbani kuanzia mwisho wa 2003. Mbao hiyo ikichomwa, sehemu ya aseniki hupaa na moshi, na inayobaki hujikusanya kwenye majivu, majivu yale yale ambayo kwetu humwagwa bustanini au hutumiwa kusugulia masufuria.

Atakayepinga atasema nguzo imepigwa mvua na jua miaka mingi, kwa hiyo dawa imekwisha. Sehemu yake huchujika kweli, lakini dawa hii ilitengenezwa ili ishikamane na nyuzi za mbao, na nyingi hubaki humo. Rangi yake ya kijani hupauka na jua, hivyo jicho halitoshi kuhakikisha. Mwingine atasema moto ni bure ilhali fundi anadai pesa. Lakini kununua kiatu kipya, kuvunja zege na kumwaga jingine ni gharama kubwa kuliko kazi ya nusu siku.

Na kazi yenyewe haihitaji mitambo. Legeza bolti kwa mafuta, kisha ufunike kisiki kwa siku kadhaa za kiangazi, kwa kuwa mbao ikikauka hunywea na kuachia chuma. Kikigoma, toboa matundu mengi kwa keekee, ukielekea chini, kisha pasua kwa patasi kuanzia katikati, vipande vitoke kimoja kimoja. Vaa barakoa, na vumbi lisiachwe kwenye udongo wa mboga. Kabla ya kusimika nguzo mpya, toboa tundu la kutolea maji chini ya kiatu kama halipo. Vipande vya zamani vipelekwe dampo, visiingie jikoni wala kwenye jiko la mama lishe. Mwenye nyumba amweleze fundi hayo kabla kazi haijaanza, na fundi anayeshika kiberiti azuiwe.