Ng'ombe wa Pwani na Maziwa ya Pakiti

Tulipokuwa wadogo, ardhi ikitikisika bibi alituambia kwamba ng'ombe amechoka. Chini ya dunia pana samaki, juu ya samaki pana jiwe, na juu ya jiwe amesimama ng'ombe aliyeibeba dunia kwa pembe moja. Shingo ikimuuma huihamishia pembe ya pili. Maalim wetu wa chuoni alicheka akasema hiyo ni hekaya tu, si dini. Nimeikumbuka juzi dukani, nikinunua pakiti ya maziwa yaliyotoka bara. Watu waliomtwika ng'ombe dunia nzima leo huambiwa kwamba ufugaji si kazi yao!

“Pwani si nchi ya ng'ombe.” Maneno haya yamezoeleka hata vinywani mwetu, ilhali lugha yenyewe yayakataa. Mtamba, ndama, fahali, zizi, mtindi, samli: nani alitufundisha haya? Kijana akifilisika mjini akarudi kwao, mzee husema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na kila mtu akafahamu. Wamijikenda walihesabu mahari kwa ng'ombe. Waorma wa Mto Tana wana ng'ombe wao wa jamii ya Boran, ambao watafiti waliwachunguza huko Galana katika miaka ya 1980 wakaona wanastahimili maradhi ya mbung'o kuliko Boran wengine. Ujuzi huo wa kuchagua mnyama haukutoka katika kitabu.

Hata hivyo tusidanganyane, adui yupo. Mbali na mbung'o, pana ndigana, maradhi ya kupe ambayo Wazungu waliyapa jina la homa ya Pwani ya Mashariki, baada ya kuingia kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne iliyopita pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani hii. Jina letu likabandikwa ugonjwa! Ng'ombe wetu wa kienyeji huyahimili kwa kiasi. Gredi hana kinga. Jirani yetu mmoja aliuza mbuzi wake wote akanunua mtamba wa gredi. Tezi zilimvimba chini ya masikio, akahema kama aliyekimbizwa, na kabla ya Ijumaa ya pili walikuwa wamekwisha kumfukia. Jirani yule hakufuga tena. Chanjo ilitengenezwa Muguga katika miaka ya 1970, lakini yahitaji kuhifadhiwa katika baridi kali na mtaalamu wa kuidunga. Seuze kijiji kisicho na stima.

Lakini mimi sikubali kwamba kupe ndiye sababu kubwa. Bara nako kupe wapo. Chama cha KCC kiliundwa na masetla mwaka 1925, na Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipowafungulia wakulima Waafrika mlango wa gredi, ulikwenda sambamba na hatimiliki za mashamba. Mtu alijua ardhi ni yake, akapanda nyasi, akajenga banda, akachimba josho. Huku kwetu, sheria ya ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai alisajili, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mwingereza. Wamijikenda wengi wakabaki maskwota juu ya makaburi ya babu zao, na watoto wao wangali hivyo katika sehemu nyingi.

Mradi wa ng'ombe wa maziwa ulioanza mwaka 1980 uliwafundisha watu kufuga bandani na kukata nepia. Mafunzo mazuri, waama. Ila nepia ni nyasi ya miaka, si mchicha.

Mwezi jana nilimuuliza mfugaji mmoja nyuma ya mji wa Kilifi kwa nini hapandi. Alinionyesha minazi.

“Maalim,” akasema, “hii alipanda baba, na mpaka leo twalipa ijara kwa mtu tusiyemjua sura. Sasa nipande na nyasi?”

Akaniletea mtindi kwenye kata, wa ng'ombe wake wa kienyeji, kibaba kimoja kwa siku. Ulikuwa mzito, mtamu.