Eti Daktari Hodari Hafiwi na Mgonjwa

Wasomaji, mmekwisha kuzisikia hoja za wanaopinga kuwaandaa maasista wa magonjwa ya akili, yaani madaktari wanaosomea ubingwa huo, hapa Lubumbashi kwa siku ambayo mgonjwa wao atajiua. Sasa zipimeni.

Wanadai kwamba daktari hodari huzuia kifo hicho, hivyo kumwandaa asista ni kumfundisha kushindwa. Hoja hiyo ingesimama kama kifo chenyewe kingetabirika. Mwaka 2017 Joseph Franklin na wenzake walichambua tafiti 365 za miaka 50 wakakuta kwamba kutabiri nani atajiua kunazidi kubahatisha kwa kiasi kidogo tu. Nchini Marekani, utafiti wa Chemtob na wenzake wa 1988 ulionyesha kuwa takriban nusu ya madaktari wa akili waliojibu walikuwa wamefiwa hivyo. Nusu ya fani nzima ni wazembe?

Kisha wanageuka: daktari wa upasuaji hufiwa mezani, na hadai kubembelezwa. Hapa shahidi anajipinga mwenyewe. Asubuhi kifo kilikuwa kosa la asista; jioni kimekuwa jambo la kawaida lisilostahili hata kikao. Wachague moja. Tena mfano huo unatusaidia sisi. Asista wa upasuaji husimama mezani na mkuu wake; mgonjwa akifa wameona wote, na kifo hujadiliwa. Asista wa akili alizungumza na mgonjwa peke yake, akatia sahihi ruhusa ya kwenda nyumbani, kisha akapigiwa simu na ndugu wa marehemu. Familia inataka jibu, mkuu anataka faili. Nani anamuuliza kama amelala?

Aende kanisani, wanasema. Aende, Lubumbashi makanisa hayajaadimika. Ila siri ya tiba inamkataza kumtaja mgonjwa mbele ya mchungaji, na mchungaji hawezi kusoma faili akamwambia kama kuna dalili iliyompita.

Inabaki hoja ya pesa. Kinachoombwa ni somo kabla ya zamu ya kwanza, simu ya mkuu siku ileile, mkuu huyohuyo kuwepo asista anapokutana na familia, na kikao cha kumsikiliza kisichochanganywa na uchunguzi wa makosa. Kipi hapo kinasubiri bajeti ya Kinshasa? Kilicho ghali ni kumsomesha mtu udaktari, kisha ubingwa, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 100 yenye madaktari wa akili wachache mno, halafu ahamie idara nyingine kwa kukosa simu hiyo moja.