Tiba ya Sindano: Msaada kwa Mgonjwa au Kisingizio cha Kuacha Dawa?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), ambaye hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Sahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, tunaanza kwa kukiri kosa letu. Mwaka jana, baada ya Sala ya Ijumaa, tuliruhusu litolewe katika msikiti wetu hapa Kasulu tangazo la mtabibu mgeni. Ilielezwa kuwa anafanya hijama na pia tiba ya sindano ya Wachina iitwayo akupancha, na kwamba tiba zake huondoa wasiwasi, kukosa usingizi, kisukari na shinikizo la damu. Hatukumuuliza amesomea wapi, wala hatukutaka kuona cheti chake. Alikuwa mtu wa ndevu na mwenye kutaja Hadithi kwa wingi, nasi tukaona hayo yanatosha.

Miongoni mwa waliomwendea ni mama mmoja wa msikiti wetu, aliyekuwa akimeza vidonge vya shinikizo la damu kila siku. Baada ya kuchomwa sindano alijihisi mwepesi na akalala usingizi mzuri. Akaambiwa kuwa amepona, vidonge havina kazi tena. Akaviacha. Haikutimia miezi mitatu akapatwa na kiharusi. Hivi leo mkono wake wa kulia haunyanyuki, na binti yake ndiye anayemtawadhisha.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: je, kosa lilikuwa katika sindano, au katika ndimi zetu?

TIBA HII NI IPI?

Akupancha ni tiba kongwe ya Wachina. Mtabibu huchoma sindano nyembamba mno, zisizo na dawa ndani yake, katika sehemu maalumu za mwili, akaziacha kwa muda wa kama nusu saa kisha akazichomoa. Kwetu Afrika Mashariki si jambo geni kabisa. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar na Tanzania Bara tangu miaka ya 1960, na nchini Uganda mradi ulioanza kwa jina la PanAfrican Acupuncture Project umewafunza wahudumu wa afya kuwachoma wagonjwa sindano hizo ili kuwapunguzia maumivu.

Wachina wa kale waliieleza tiba hii kwa kusema kuwa mwilini kuna nguvu inayopita katika njia maalumu, na kwamba sindano huzifungua njia hizo zinapoziba. Wataalamu wa maumbile ya mwili hawajaziona njia hizo. Hata hivyo, wapo waliochunguza matokeo yake bila kujali maelezo hayo. Uchambuzi mmoja uliotolewa mwaka 2018 ulikusanya majaribio 39 yenye wagonjwa zaidi ya 20,000 wenye maumivu sugu ya mgongo, shingo, bega, magoti na kichwa. Waliochomwa sindano walipata nafuu kuliko wasiochomwa. Lakini walipolinganishwa na waliochomwa sindano za kuigiza tu, tofauti ilikuwa ndogo. Kuhusu wasiwasi na msongo wa mawazo, wapo wanaopata utulivu, ila ushahidi wake ni dhaifu zaidi. Na kuhusu kisukari na shinikizo la damu, hakuna daktari mwaminifu atakayekuambia kuwa sindano hizo zinakaa mahali pa dawa zako.

HUKUMU YAKE

Katika jambo hili tumewasikia watu wa makundi mawili. Wa kwanza wanasema ni haramu kwa kuwa asili yake ni makafiri. Wa pili wanasema ni Sunna kwa kuwa ni aina ya hijama. Makundi yote mawili yamekosea.

Kundi la kwanza tunalikumbusha Hadithi ya Auf bin Malik (r.a.) iliyo katika Sahih Muslim. Masahaba walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu visomo vya tiba walivyokuwa wakivitumia zama za Jahiliya. Hakuvikataa kwa sababu ya asili yake. Aliwataka wamwonyeshe, akabainisha kuwa havina ubaya maadamu hamna shirki ndani yake. Tena tutazame nyumba zetu wenyewe. Dawa mseto ya malaria, ambayo tangu miaka ya 2006 na 2007 imewaokoa watoto wetu wengi hapa Kigoma, chimbuko lake ni mmea wa pakanga uliotajwa katika vitabu vya tiba vya Wachina. Bibi Tu Youyou, aliyegundua kiini chake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hatujamsikia Mwislamu aliyeitema dawa hiyo kwa sababu ya itikadi ya Wachina.

Wapo wanaotaka kuitetea akupancha kwa ule msemo mashuhuri wa kuitafuta elimu hata China. Msemo huo haukuthibiti kutoka kwa Mtume (s.a.w.), Ibn al-Jawzi ameuhesabu miongoni mwa Hadithi za kuzuliwa. Kitu cha halali hakihitaji kuzuliwa dalili.

Kundi la pili nalo tunaliambia: hijama, ambayo wazee wetu huiita kuumika au kupiga chuku, ni kutoa damu, nayo imethibiti katika Hadithi sahihi. Akupancha haitoi damu wala haikutajwa popote katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Kuiita Sunna ni kumsingizia. Hukumu yake ni ile ya dawa nyinginezo: inaruhusiwa ikiwa ina manufaa, na inakatazwa ikiwa ina madhara au imechanganywa na shirki.

WASIWASI SI AIBU

Kwa nini watu wa mji wetu walimkimbilia mgeni yule? Ni kwa sababu nyoyo nyingi katika milima hii zimechoka. Wapo miongoni mwetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 na vita vya mwaka 1993. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo, na mwaka 2015 wakamiminika tena Warundi kwa maelfu. Nao wenyeji wana mizigo yao ya madeni, ugonjwa na misiba. Mtu wa namna hii anapokosa usingizi na moyo ukamwenda mbio, aghalabu huambiwa mambo mawili: ama ana jini, ama imani yake ni dhaifu.

Hatukanushi kuwapo kwa majini. Lakini Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Allah na dhiki na huzuni, na Mama Aisha (r.a.) akiwapikia wafiwa talbina, uji wa shayiri, akieleza kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akiusifu kwa kuutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi, akafafanua hofu, huzuni na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye tiba. Basi mwenye wasiwasi ana haki ya kusomewa dua, kusikilizwa na kupelekwa hospitali. Akipata mtaalamu wa sindano mwaminifu, hapana ubaya akajisaidia nazo juu ya hayo.

MASHARTI

Kwanza, itikadi iwe salama. Mtabibu akikuuliza jina la mama yako, akakupa hirizi au akataja mizimu, inuka uondoke.

Pili, awe na ujuzi na usajili. Kwa mujibu wa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, watoa tiba hizo husajiliwa na Baraza lake.

Tatu, sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele yako na zitupwe baada ya kutumika. Sindano iliyokwisha kumchoma mwingine yaweza kukuambukiza homa ya ini au virusi vya UKIMWI, na sindano ya kifuani katika mkono usiojua yaweza kutoboa pafu. Wembe wa hijama hukumu yake ni hiyo hiyo.

Nne, usiache dawa ya hospitali ila kwa kauli ya daktari aliyekuandikia. Tuliyaona ya Loliondo mwaka 2011, pale maelfu walipokwenda Samunge kunywa kikombe cha shilingi 500, na wengine wakaacha dawa za kufubaza virusi kwa kudhani wamepona. Kujihisi vizuri na kupona ni mambo mawili. Shinikizo la damu huua mtu akiwa anajihisi mzima.

DHAMANA

Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimbebesha dhamana mtu anayejifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu. Ibn al-Qayyim ameisherehesha Hadithi hiyo kwa urefu katika Zad al-Maad. Sisi hatukumchoma mama yule sindano. Lakini aliyemfikisha kwa mgeni yule ni tangazo lililotoka msikitini, naye alituamini sisi kabla ya kumwamini mgeni. Hatuoni namna ya kujivua.

Kwa hiyo tumekubaliana kuwa hakuna tangazo la tiba litakalosomwa msikitini mwetu kabla ya cheti cha usajili kuonekana na mhudumu wa hospitali kuulizwa. Gharama za dawa za mama yule tunazichangia kila mwezi, na tutaendelea maadamu yu hai. Tunawanasihi maimamu wa Kasulu, Kibondo na kwingineko wasisubiri funzo kama letu. Na ewe ndugu uliyeacha vidonge vyako kwa tangazo lolote, la msikitini au la sokoni, rudi hospitali kesho asubuhi.

Tunamwomba Allah (s.w.) amponye mama yetu na wagonjwa wetu wote, na atusamehe tuliyoyasema bila ya elimu. Wabillahi tawfiq.