Jembe, Shimo na Barua ya Mfungwa
Kule Salamabila, mashariki mwa Kongo, anayekwenda shimoni kutafuta dhahabu anauacha muhogo wake kwenye magugu, na anayebaki na muhogo anahangaika kupata pesa ya masomo ya watoto. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, ulio huko, ulipoanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, wengi waliona mambo yamenyooka. Mwaka 2019 kampuni ya Banro ya Kanada, iliyouendesha mgodi huo, ikasimamisha kazi kwa sababu ya mashambulizi, na mishahara ikakatika. Ndipo mahubiri ya kuridhika yanaposikika sana makanisani, na hapo mimi huwa na wasiwasi kidogo. Paulo aliwaandikia Wafilipi habari za kutosheka akiwa kifungoni, na anasema ni jambo alilojifunza, hakuzaliwa nalo. Tena ni Paulo huyohuyo ambaye, kule Filipi, alipigwa bila hukumu, akakataa kutolewa gerezani kimyakimya, akataka wakubwa waje wenyewe kumtoa. Hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja. Basi mama aliyerudi kwenye karanga zake, akamshukuru Mungu kwa mavuno madogo na usingizi wa usiku, hajaacha kudai barabara salama wala haki ya ardhi ya ukoo wake. Alichoacha ni kumpigia hesabu jirani aliyepata dhahabu juzi. Mhubiri anayemwambia aridhike, kisha akanyamaza mbele ya wenye bunduki na wenye vibali, amesoma nusu ya habari za Paulo.